Mguu gani kwanza?

Kila Jumatano jioni, nikishatoka zamu, napanda treni na begi refu begani. Ndani mna upanga butu wa chuma wenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, barakoa ya wavu, kinga ya koo, glovu nene zinazofanya kila kidole kiwe kama ndizi, na jaketi la pamba lililoshonwa tabaka juu ya tabaka. Safari inaishia kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule ya watoto, tunaoukodi kwa saa mbili. Hapo, katika mji wa Nürnberg kusini mwa Ujerumani, mafundi umeme, mwalimu wa hesabu, wanafunzi wa chuo na mimi, muuguzi niliyezaliwa Lamu, tunajifunza kupigana kwa upanga wa mikono miwili kama walivyofundishwa watu wa nchi hii miaka mia sita iliyopita.

Si mchezo wa vitara unaouona kwenye Olimpiki, wa nguo nyeupe na waya wa umeme mgongoni. Wala si maigizo. Hatuvai mavazi ya kale, hatuna hadithi ya mfalme na ngome. Tuna vitabu, tuna panga, na tunajaribu kuelewa vitabu kwa kutumia panga.

Mama alipopata habari aliomba dua kwanza, kisha akauliza, "Na nani anayekufundisha?" Swali hilo limenikaa kichwani miaka mitatu sasa, kwa sababu jibu lake ndilo kiini cha jambo lote.

Kwetu elimu ina silsila. Mtu akikaa kusomesha kitabu, inajulikana alikisoma kwa nani, na huyo naye alisoma kwa nani, mnyororo unarudi nyuma hadi mbali. Fundi wa jahazi vilevile: hakuna aliyejifunza kuchonga mkuku kwa kukisia. Upanga mrefu wa Ulaya, huu wetu wa mikono miwili, hauna mnyororo huo. Ulikatika. Bunduki zilipochukua vita, upanga huu ulibaki kwa muda kama mchezo wa heshima mijini. Joachim Meyer, aliyechapisha kitabu chake kikubwa Strasbourg mwaka 1570, bado aliuanza huo kabla ya silaha nyingine zote. Baadaye watu wakahamia panga nyembamba za kuchoma, kisha bastola, kisha mchezo wenye alama na waamuzi, na mabingwa wa upanga mrefu wakafa mmoja mmoja pasipo wa kupokea. Mkongwe kuliko wote kikundini kwetu, mtu mwenye miaka ishirini ya mazoezi, naye amejifunza kutoka kitabuni. Sote tumesoma kwa marehemu.

Waingereza wawili, Egerton Castle na Alfred Hutton, walijaribu kuufufua katika miaka ya 1880. Castle alitoa kitabu cha historia ya shule za upanga mwaka 1885, Hutton akawafundisha askari na hata waigizaji wa London. Walipoondoka wao, moto ukafifia. Ulikuja kuwaka tena miaka ya 1990, pale watu walioishi mbalimbali walipoanza kupashana habari kwa intaneti na makumbusho yakaanza kupiga picha hati zao. Leo mtu mwenye simu anaweza kufungua ukurasa wa mwaka 1409 akiwa kwenye kituo cha basi. Ipo maktaba ya mtandaoni, Wiktenauer, inayokusanya hati hizo pamoja na tafsiri, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu wa kujitolea. Nawaheshimu mno watu hao. Wamekaa usiku kucha wakisoma mwandiko wa karne ya 15 ili mtu kama mimi aweze kuinua upanga.

Kitabu cha kupigana kilicho kikongwe kuliko vyote vinavyojulikana Ulaya kiko Leeds, Uingereza, katika makumbusho ya silaha ya Royal Armouries, nacho huitwa kwa namba yake tu: I.33. Kiliandikwa hapa hapa Franconia, eneo la mji wetu wa Nürnberg, mwanzoni mwa karne ya 14, kikakaa Gotha, Ujerumani, kwa muda mrefu, kikapotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha kikatokea mnadani London mwaka 1950. Ndani mna kasisi na mwanafunzi wake, kila mmoja ana upanga wa mkono mmoja na ngao ndogo kama kifuniko cha sufuria, na chini ya picha mna Kilatini. Kurasa za mwanzo zinasema kwamba kupigana ni kuyapanga mapigo mbalimbali, na kwamba jambo hilo lina sehemu saba. Niliposoma hivyo nilisimama. Upanga, kupanga. Najua kwamba ni sadfa ya lugha yetu na kasisi yule hakuwahi kulisikia neno hata moja la Kiswahili, lakini tangu siku hiyo sijawahi kusahau maana ya sentensi yake. Anayerusha mapigo ovyo hajaanza kupigana.

Katika kurasa za mwisho za kitabu hicho mwanafunzi anatoweka, na mahali pake anasimama mwanamke. Jina lake limeandikwa: Walpurgis. Nywele zake ndefu, gauni limemfika miguuni, na anashika upanga sawasawa na wengine. Hakuna maelezo ya alikotoka wala kwa nini yuko pale. Amechorwa akifanya kazi.

Nitarudi kwake.

Kitabu chetu sisi, yaani kile ambacho kikundi changu kinakirudia kila wiki, kiko katika mji huu ninaoishi, kwenye jumba la makumbusho la Germanisches Nationalmuseum. Ni hati ndogo ya karibu na mwaka 1400, namba 3227a. Nani aliiandika, haijulikani. Ni daftari la nyumbani: mna mapishi, mna dawa, mna mambo ya nyota na ya kemia za kale, na katikati ya hayo yote mna mafunzo ya mtu aliyeitwa Johannes Liechtenauer. Liechtenauer aliyaweka mafunzo yake katika beti, na wanafunzi waliomfuata wanasema wazi kwamba aliyaficha kwa maneno ya siri ili sanaa isisambae kwa kila mtu. Sigmund Ringeck na wengine wakaja baadaye kuyafumbua.

Wenzangu wa Kijerumani huona jambo hili ni la ajabu. Kwa nini mtu aandike mafunzo halafu ayafunge? Mimi nimelelewa penye mafumbo. Nimekua nikisikia watu wazima wakijibizana kwa mashairi ambayo mgeni angeyasikia kama habari za jahazi au kuku, kumbe watu wanazungumzia ndoa ya mtu aliyekaa palepale. Beti haimfundishi asiyejua. Inamkumbusha aliyekwisha kuonyeshwa. Zile za Liechtenauer ni hivyo hasa, na ndiyo maana kumpoteza mwenye kuonyesha kumekuwa msiba mkubwa kuliko kupotea kwa hati.

Nimejaribu kuitia moja katika mizani yetu. Inahusu pigo la kwanza kati ya mapigo yake matano makuu, lile wanaloliita la hasira, linaloshuka mshazari kutoka begani:

*Ajapo na pigo kuu, hasira mpe usoni,*
*Akihisi, panda juu, pita pasipo na zani.*

Basi. Hayo ndiyo mafunzo. Mtu anakupiga kutoka juu, nawe unampiga kwa hasira, ncha inamwelekea usoni. Akitambua na kukusukuma, unaondoa upanga wako kwa juu na kumpitia upande wa pili. Kwa miezi sita mimi na mwenzangu, yule mwalimu wa hesabu, tulilifanya pigo hili na halikufanya kazi. Nilimpiga mikono. Alinipiga kichwani. Mara nyingi tulipigana wote wawili kwa wakati mmoja. Nilianza kuamini kwamba kitabu kimekosea.

Kisha jioni moja panga zetu zikashikana. Namna ya kulieleza ni hii: mapigo mawili yakikutana, makali hayaachani mara moja. Kwa sekunde ndogo sana chuma kinakaa juu ya chuma, na katika sekunde hiyo kuna habari. Karibu na mpini upanga una nguvu, karibu na ncha ni dhaifu, nawe unasikia umemkamata wapi na yeye anataka kwenda wapi. Mara zote nilizokosa, nilikuwa ninaangalia. Jioni ile taa ya upande wangu ilikuwa imezimika, wavu wa barakoa ulikuwa umeshika ukungu wa pumzi yangu, sikuona vizuri, na mikono ikafanya yenyewe. Alisukuma kwa nguvu kuelekea kulia kwangu. Nikahisi mwili wake wote umeingia katika msukumo ule, nikainua, nikashuka upande wa pili, na ncha ikagusa wavu wa barakoa yake pale pale penye pua. Hakuna aliyesema kitu. Tukarudi, tukarudia. Ikatokea tena.

Beti inayofuata inasema uangalie jambo hili: pigo, mchomo, mkao, laini au ngumu. *Weich oder hart*. Kila siku kazini natafuta mshipa wa mgonjwa kwa ncha ya kidole kabla ya kuingiza sindano. Mshipa mzuri unabonyea na kurudi, mbovu ni mgumu kama uzi wa nyavu, na hakuna macho yanayoweza kukuambia tofauti. Hakuna kitabu cha uuguzi kilichonifundisha hivyo, ingawa vyote vimeliandika neno hilo. Mwuguzi mkubwa wa wodi alishika kidole changu akakiweka mahali, akasema, "Hapo. Sasa hapo." Nilipokuwa nikirudi nyumbani usiku ule nilikuwa nikifikiri kwamba yule mwandishi asiyejulikana wa 3227a alijua kwamba tutafika hapa. Ameandika mwenyewe, katika kurasa hizo hizo, kwamba kupigana hakuwezi kusemwa wala kuandikwa kwa uwazi kama kunavyoweza kuonyeshwa kwa mkono. Akaendelea kuandika hata hivyo. Na mahali pengine anasema mazoezi ni bora kuliko elimu, maana mazoezi bila elimu yanafaa, elimu bila mazoezi haifai kitu.

Nitaje upesi jambo moja linalorudiwa sana: kwamba panga hizi zilikuwa na uzito wa kutisha. Sivyo. Panga nyingi za mikono miwili za aina hii zilizobaki hazifiki kilo mbili. Mtungi wa maji ni mzito zaidi. Kinachochosha ni kuuinua kwa saa mbili huku mtu anataka kukupiga.

Linalonisumbua zaidi ni hofu, au tuseme kukosekana kwake. Liechtenauer anasema mwenye kutishika upesi asijifunze upanga kabisa. Sisi tuna barakoa, tuna kinga ya koo, tuna panga za mazoezi zinazopinda zikichoma ili zisivunje mbavu. Haya yote ni ya lazima. Nimeona kidole kimevunjika ndani ya glovu nzuri na sitaki kukiona kingine. Lakini vifaa vinatupa ujasiri usio wetu. Mtu anakimbilia ndani, anapiga na kupigwa papo hapo, kisha anainua mkono kudai pointi. Mashindano makubwa, kama yale ya Swordfish huko Gothenburg, Uswidi, yamejaribu kanuni za namna mbalimbali kuliadhibu pigo la pamoja. Mimi nina kipimo changu: nikirudi nyumbani nimegongana na mwenzangu zaidi ya nilivyojikinga, naandika katika daftari kwamba leo nimekufa. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu waliotaka kurudi nyumbani. Tukisahau hilo tutabaki na kelele za chuma.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kulisema, nami nitalisema. Katika mkusanyiko mmoja wa vikundi, mtu mzima mmoja aliniangalia, na hijabu yangu ya michezo chini ya barakoa, akaniuliza kwa upole kabisa natafuta nini katika sanaa ya mababu zake. Sikuwa na jibu siku ile. Nilipiga mazoezi vibaya, nikaondoka mapema. Wapo watu wanaoipenda historia hii kwa sababu wanataka mlango wa kufunga, na anayekana hivyo hajakaa mikusanyikoni kwa muda wa kutosha. Kilichonirudisha ni ile ile hati ndogo. Inasema kwamba Liechtenauer hakuibuni sanaa yake mwenyewe. Ilikuwepo kabla yake, na yeye alipita nchi nyingi akiitafuta kwa sababu alitaka kuijua. Bwana wa sanaa alikuwa msafiri aliyeuliza katika nchi za watu. Na Walpurgis yuko pale kwenye ukurasa wa mwisho, na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini.

Hata Fiore dei Liberi, Mwitalia aliyemtungia kitabu Niccolò III d'Este, mtawala wa Ferrara, mnamo 1409, aliweka mnyama wa kwetu katikati ya mafunzo yake. Nakala nzuri iko katika makumbusho ya Getty, Los Angeles. Kuna picha ya mtu amesimama, panga saba zimemzunguka, na wanyama wanne: juu ya kichwa chui-mwitu wa Ulaya ameshika bikari, maana yake busara, ubavuni chui milia mwenye mshale, wepesi, ubavu wa pili simba mwenye moyo, ushujaa. Chini ya miguu yupo tembo amebeba ngome mgongoni. Anasema: mimi ni tembo, nimebeba ngome, sipigi magoti wala sipotezi hatua. Tembo mwenyewe amechorwa vibaya, masikio yake si ya tembo yeyote niliyewahi kumwona. Lakini mahali alipowekwa ni sahihi. Nguvu iko miguuni.

Na ndipo mjomba wangu alipoingia katika habari hii.

Mjomba amecheza kirumbizi tangu ujana wake. Kwa wasiokijua: wanaume wawili wanaingia duarani na fimbo, ngoma na zumari zinalia, wanazungukana, wanapimana, mmoja anatupa pigo na mwenzake analikinga. Nilikitazama nikiwa mtoto, usiku wa Maulidi, nimebanwa kati ya shangazi na ukuta, na sikutoa macho miguuni mwa mjomba kwa sababu huko ndiko nilikoweza kuona kati ya watu. Haikunipitia akilini kwamba mtu angeweza kunifundisha, wala sikuomba. Sasa ana miaka sabini na kitu, goti linamsumbua, na wanawe wako Mombasa na Doha.

Mwaka huu nilimtumia ile beti kwa ujumbe wa sauti. Nilidhani atacheka. Akaisikiliza mara mbili, akanijibu:

"Mama, shairi lako lina mizani lakini halina miguu. Mguu gani unatangulia?"

Hilo ndilo swali walilouliza wafafanuzi wote wa Liechtenauer. Bwana mwenyewe ametoa jibu katika beti nyingine: ukitaka kuonyesha sanaa, enda na kushoto, piga na kulia. Ringeck akalifungua: ukisimama mguu wa kushoto mbele na kupiga kutoka kulia, mguu wa kulia ufuate pigo, la sivyo pigo linakuwa fupi na la uongo. Nikamweleza mjomba hayo yote. Nikamuuliza, na kwenye kirumbizi je?

Kimya cha siku mbili. Nilikuwa sijafikiri, hadi wakati ule wa kusubiri, kwamba sisi na Wajerumani hawa tumesimama pande mbili za msiba mmoja. Wao wana kitabu na hawana mkono. Sisi tuna mkono, uko Lamu, una maumivu ya goti, na yale anayoyajua mjomba sijaona mtu aliyeyaandika. Nilinunua daftari jipya siku ile ya pili, kabla hajajibu.

Jibu lilikuja alfajiri. "Nimekaa nafikiri nimekosa," alisema. "Mwili unajua, mimi sijui. Ngoja nisimame." Halafu kiti kikaburutwa. Halafu dakika tatu bila neno: pumzi zake, nyayo juu ya sakafu ya chokaa, fimbo ikikata hewa, jogoo wa jirani, fimbo ikigonga chini. Mara moja alisema "la," akaanza upya.

Nimeusikiliza ujumbe huo kwenye treni kwa wiki tatu, vipokea sauti masikioni na daftari pajani. Hatua ya kwanza ni ya kushoto, nina hakika, kwa sababu goti lake bovu ni la kulia na nyayo yake ya kulia inaburuta kidogo. Ya pili ni ya kulia. Ya tatu mguu na fimbo vinatua pamoja kabisa, mlio mmoja, na sijui kilichotangulia. Nimeweka alama ya kuuliza hapo. Nimekata tiketi ya Desemba.